Nani astahiki kuketi katika tume ya mipango ya Mji wa Kale wa Lamu?

Mwana wa Langoni (swali)

Assalamu alaykum. Ninaandika kutoka Lamu, mtaa wa Langoni, na swali langu ni moja: mtu awe na sifa gani ndipo astahiki kuwa mjumbe wa tume ya mipango ya mji wetu wa kale? Kwa wasiofahamu, mji huu ulitangazwa kuwa turathi inayolindwa kisheria mwaka 1986, tume ya kusimamia masuala ya mipango ikaundwa mwaka 1991, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya Turathi za Dunia. Tangu 2013 tuna serikali ya kaunti, tangu 2019 kuna sheria mpya ya mipango na matumizi ya ardhi, na tangu 2021 bandari mpya inapokea meli. Hata hivyo, kila tunapozungumza barazani juu ya nani aamue ikiwa fulani aongeze orofa au abomoe ukuta wa matumbawe, mazungumzo huishia pale pale. Wazee husema ni lazima awe mwenyeji, kwa sababu mgeni hazijui nyumba zetu. Vijana waliosoma husema awe na shahada. Wenye nyumba za kukodisha wageni husema mwenye mali ndiye anayelipa, basi yeye ndiye aamue.

Mimi binafsi niliwahi kuhudhuria kikao ambapo ombi la jirani yangu lilijadiliwa na mtu aliyekuwa akitafuta kuinunua nyumba hiyo hiyo, na hakuna aliyemwambia atoke chumbani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama tatizo ni sifa za wajumbe au ni jambo jingine. Naomba hoja zenu.

Mstaafu wa Mipango, Mombasa

Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu. Tuanze na yale ambayo sheria zetu tayari zimeyagusa, hata kama hazikuandikwa kwa ajili ya tume yenu. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 inamtaka mjumbe wa bodi ya mji awe raia wa Kenya, tena awe na uhusiano wa kweli na mji wenyewe, ama kwa kuwa na makazi humo, ama kwa kufanya biashara humo, ama kwa kuwa ameishi humo kwa muda usiopungua miaka mitano. Haisemi kwamba ni lazima awe amezaliwa hapo, na nadhani walioiandika walifanya vyema, kwa maana mtu anaweza kuzaliwa Lamu, akakaa Nairobi miaka 30, asijue tena ni kichochoro kipi hujaa maji mvua zinaponyesha.

Kuhusu shahada, niseme kwa uwazi, ingawa mimi mwenyewe ninayo. Tume iliyojaa wataalamu watupu huisoma ramani vizuri sana bila kuiona nyumba. Nayo tume yenye mtaalamu mmoja tu humwachia yeye kila kitu, wengine wakabaki kutia saini. Ripoti ya kitaalamu inaweza kuandaliwa na maofisa wa kaunti pamoja na wale wa Makumbusho ya Kitaifa. Kazi ya mjumbe ni kuielewa, kuihoji na kuipima pamoja na maisha ya watu. Kwa hiyo sifa ninayoitaka ni uwezo wa kusoma mchoro wa jengo na kuuliza swali juu yake, na jambo hilo hufundishika katika muda wa wiki chache.

Sasa huyo mnunuzi aliyeketi kikaoni. Hapo watu huchanganya mambo mawili: kustahiki kuwa mjumbe, na kustahiki kuketi katika shauri fulani. Mji wenyewe ni mdogo, nanyi mmeoana ninyi kwa ninyi. Tukisema kila mwenye jamaa, jirani au biashara aondolewe, tume itabaki na viti vitupu. Anayestahiki abaki mjumbe, lakini kila shauri lianze kwa wajumbe kutaja maslahi yao, yaandikwe katika kumbukumbu za kikao, na mwenye maslahi atoke nje kabla ya mjadala kuanza. Kumruhusu abaki eti mradi hapigi kura hakutoshi, kwa sababu uso wake pekee huwanyamazisha wenzake.

Jambo la mwisho ambalo husahaulika: asiyeridhika na uamuzi wa ombi la ujenzi ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti iliyowekwa na sheria ya 2019, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mjumbe wa ngazi ya chini asiruhusiwe kuwa mjumbe wa kamati ya rufaa. Nimewahi kuona mtu mmoja akivaa kofia zote mbili, akaisikiliza rufaa dhidi ya neno lake mwenyewe.

Binti Mkomani

Kaka, na wewe mzee wetu wa Mombasa, nawashukuru. Hata hivyo nimesoma hoja zenu zote na kuona kwamba mwenyeji, msomi na mwenye mali wametajwa kana kwamba wote watatu ni wanaume. Nani hasa anazimiliki nyumba za mawe za mtaa wetu wa Mkomani? Desturi yetu ni baba kumpa binti nyumba anapoolewa, na mume ndiye anayehamia. Baba asiye na kiwanja kingine alimjengea bintiye juu ya nyumba yake, au ng'ambo ya kichochoro, kisha akaziunganisha nyumba hizo kwa wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya kichochoro, ndiyo maana leo mtu hupita chini ya vyumba vya watu akielekea msikitini. Kile ambacho wageni hukipiga picha kama pambo la mji ni njia ya mama kumfikia mwanawe bila kushuka barabarani.

Basi linapoletwa ombi la kubomoa wikio, au la kufungua dirisha linalotazama kiwanda, yaani ua wa ndani, cha jirani, au la kuongeza orofa ambayo darini kwake mtu atawaona watu wakianua nguo zao, mjadala huwa ni wa vipimo na wa turathi, na stara ya anayeishi ndani haitajwi popote katika fomu. Najua Katiba, kifungu cha 27, inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili, lakini mimi sitaki kujaza idadi. Anaweza kuteuliwa ofisa wa kike aliyehamishiwa hapa mwaka jana, hesabu ikatimia, na bado asiwepo hata mjumbe mmoja aliyewahi kulea watoto ndani ya nyumba ya aina hii. Ninachopendekeza ni kwamba sehemu maalumu ya viti itengewe wanawake wanaomiliki au wanaoishi katika nyumba za Mji wa Kale, na kwamba ombi la ujenzi lisipokewe bila saini ya mwenye hati mwenyewe. Mara kadhaa nimeona kaka akiomba kibali cha nyumba ya dada yake, na dada akapata habari siku nondo na saruji zilipofika mlangoni juu ya punda.

Fundi Chokaa

Sina shahada, nami nataka kueleza kwa nini mtu kama mimi anafaa, kisha nieleze kwa nini pengine hafai. Upana wa chumba cha nyumba ya kale huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ambayo haifiki mita tatu. Ukinionyesha mchoro wenye chumba cha mita tano, najua papo hapo kwamba hapo dari la boriti na matumbawe halipo tena, ni zege, hata kama maelezo yameandikwa "ukarabati". Vilevile saruji ikipakwa juu ya ukuta wa matumbawe hufungia unyevu ndani, na ukuta huanza kuoza nyuma ya sura nzuri. Mambo haya hayaonekani kwenye karatasi.

Kwa upande mwingine, mimi ninaishi kwa kazi za ujenzi, na anayeomba kibali leo huenda kesho akanipa kazi. Kwa maoni yangu kiti cha fundi kiwepo, ila kipewe fundi aliyekwisha kuacha kazi za mkataba.

Mkaazi wa Mji Mkongwe, Unguja

Nawaletea neno fupi kutoka ng'ambo ya pili. Kwetu, baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliingia mikononi mwa serikali, na nyingine ni za wakfu. Wanaolala ndani ni wapangaji, baadhi yao kwa vizazi viwili au vitatu. Mkiandika kwamba mjumbe awe mwenye mali, watu hao mtakuwa mmewatoa, ilhali dari likianguka, linawaangukia wao.

Mwana wa Langoni

Nawashukuru nyote, hasa dada yangu wa Mkomani, kwani mwenyewe ninaishi katika nyumba ya mke wangu na sikuwa nimelifikiria hilo. Limebaki swali moja. Wapo wenzetu walioko Maskati ambao nyumba zao hapa zimefungwa, hufunguliwa mwezi mmoja kwa mwaka. Je, hao nao?

Mstaafu wa Mipango, Mombasa

Wapewe haki kamili ya kuarifiwa na kuandika pingamizi, kwa kuwa mali ni yao. Kiti wasipewe, kwa kuwa asiyekuwepo hawezi kwenda kuutazama ukuta kabla ya kuuamulia. Nawe usisubiri orodha yote ikamilike: peleka kwanza pendekezo la mwenye maslahi kutoka chumbani, maana hilo tume yenyewe inaweza kulipitisha katika kikao kijacho bila kungoja sheria mpya.