Maji ya RO yamerudi ladha ya kisima, nimekosea kulipia mashine mpya?

BabaNeema_Meru: Wakuu heshima kwenu. Nakaa Maji ya Chai, Arusha, tunatumia kisima na floridi ya huku mnaijua, mimi meno yangu ni ya kahawia toka utoto ndo maana nilijibana nikanunua mashine ya RO, ile inayochuja floridi na chumvi, kwa ajili ya binti yangu wa miaka mitatu. Miaka miwili kijimita cha TDS, kile kinachopima chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji, kilisoma 35, tangu juzi kinasoma 410 na kisima chenyewe ni 780. Cha ajabu maji yanatoka kwa kasi kuliko zamani. Nimeshatoa advansi laki mbili ya mashine mpya. Nimekosea?

Bamia_Chungu: Chemsha tu mkuu, sisi tumekulia maji ya mtoni na tupo.

FundiBomba: Kuchemsha hakuondoi floridi, mvuke unaenda yenyewe inabaki. BabaNeema, kasi ingepungua ningesema chokaa imeziba. Kasi ikiongezeka na chumvi inapita, ama oringi, ule mpira wa kuzuia uvujaji, imekaa vibaya ama membreni, lile chujio lenyewe la RO, imeharibika. Uliifungua lini?

BabaNeema_Meru: Jumapili, nilisafisha kidogo tu.

FundiBomba: Kwa nini?? Namaanisha ulitumia kitu gani?

BabaNeema_Meru: Haya niseme. Membreni ilikuwa na utelezi na kaharufu, nikailoweka kwenye jiki usiku kucha. Lakini jiki si inaua bakteria, sijaona kosa hapo.

FundiBomba: Basi ndo ulipoiua. Ile ni ngozi nyembamba sana imeviringishwa, klorini ya jiki inaila. Chujio la mkaa limewekwa mbele yake ili klorini isiifikie, wewe ukaizamisha humo humo. Nunua membreni peke yake, kagua oringi, tangi la kwanza mwaga. Na hicho kijimita hakisomi floridi, kinasoma jumla ya vilivyoyeyuka, peleka maji maabara wapime, kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita.

Mama_Nai: Na uji upikie maji hayo hayo ya RO baba Neema. Mimi nilikuwa nampa mwanangu maji safi kwenye kikombe halafu uji wake napikia ya bomba, kaota meno ya mbele yana madoa, hadi leo akicheka anaweka mkono mdomoni.

Kijiti: Unakaa Maji ya Chai na stori yenyewe chai. Akaunti ya wiki jana, wewe na fundi ni mtu mmoja, kesho tutaona namba ya WhatsApp membreni inauzwa.

Bamia_Chungu: Hata mi nimeshtuka, fundi kajibu haraka mno.

FundiBomba: Siuzi chochote, nafunga mabomba Moshi.

BabaNeema_Meru: Kijiti, membreni ipo hapa kwenye ndoo bado inanuka jiki. Mama Neema hajajua, mtoto anakunywa maji ya dukani siku ya nne leo, hela inaisha.

FundiBomba: Mwambie muuzaji hiyo laki mbili akupe membreni na chujio la mkaa.

BabaNeema_Meru: Nimekuelewa mkuu. Ila nilishamwambia alete kesho asubuhi, na hii mpya ina pampu.