Mjadala: Je, ubaguzi unaweza kuchunguzwa bila kumuuliza mtu rangi au kabila lake?

MLETA MADA: Watafiti wa mahusiano ya rangi na makabila hugawanyika mapema kabisa, kwenye ukurasa wa kwanza wa dodoso, wanapojiuliza kama ni halali kumtaka mtu ataje asili yake. Nchini Ufaransa, sheria ya mwaka 1978 inakataza kwa jumla kukusanya taarifa za rangi na kabila, japo ina vighairi, na mwaka 2007 Baraza la Katiba la nchi hiyo lilisema kuwa tafiti za kupima ubaguzi haziwezi kujengwa juu ya vigezo hivyo. Uingereza ilifuata njia nyingine, na tangu mwaka 1991 sensa yake huuliza asili ya mtu. Mimi naunga mkono kuuliza, kwa masharti mawili: mhojiwa ajitaje mwenyewe, na jibu lake lisiwekwe pamoja na jina lake.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Naheshimu masharti yako, lakini historia hainipi sababu ya kuyaamini. Wakoloni wa Kibelgiji waliingiza kabila kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda katika miaka ya 1930, utaratibu ukabaki hata baada ya uhuru, na mwaka 1994 neno moja kwenye kadi lilitosha kumpeleka mtu kaburini akiwa kwenye kizuizi cha barabarani. Afrika Kusini nayo, chini ya sheria ya mwaka 1950 ya kuandikisha watu kwa rangi, ilifika mahali pa kuchomeka penseli kwenye nywele za mtu na kuangalia kama itaanguka, ili ijulikane aandikwe kundi gani. Isitoshe, ubaguzi hupimika bila kumhoji yeyote. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wasifu wa kubuni wa waombaji kazi wapatao 5,000 ulitumwa kwa waajiri wa Boston na Chicago, na wenye majina yanayosikika kuwa ya Wazungu waliitwa kwa takriban asilimia 50 zaidi ya wenye majina yanayosikika kuwa ya Wamarekani weusi. Hapo hakuna aliyejaza kisanduku chochote cha rangi.

MLETA MADA: Mfano wa Rwanda ndio ulionifanya niweke sharti la pili, kwa kuwa kadi ile iliunganisha jina, sura na kabila mfukoni mwa mtu mmoja, jambo ambalo jedwali la takwimu halifanyi. Kuhusu wasifu wa kubuni, tujiulize watafiti walijuaje kwamba jina fulani ni la Mzungu au la mtu mweusi. Walipitia vyeti vya kuzaliwa vya jimbo la Massachusetts vya miaka ya 1974 hadi 1979, ambavyo vilibainisha rangi. Kwa hiyo kisanduku kilikuwepo, ila kilijazwa na karani robo karne kabla, nasi tunausifu utafiti kana kwamba umeanzia hewani. Tena jaribio la namna hiyo linapima mlango wa ajira tu, na halisemi lolote kuhusu mtu aliyepata kazi akakaa miaka 20 bila kupandishwa cheo.

MCHANGIAJI WA PILI: Nyote mmeshikilia kuuliza au kutouliza, ilhali kwangu ugumu uko kwenye orodha ya majibu. Mtu hawezi kujitaja mwenyewe ikiwa majina ya makundi yameshachapishwa. Kabla ya sensa ya mwaka 2000, Mmarekani mwenye wazazi wa rangi mbili alilazimika kuchagua rangi moja. Nchini Brazil, mwaka 1976, wahojiwa walipoachiwa waseme rangi yao kwa maneno yao, yalipatikana majina zaidi ya 130, likiwemo la kahawa iliyotiwa maziwa, ingawa walio wengi walitumia machache yale yale. Mtafiti anayeanza na visanduku vitano hupata makundi matano, kisha huandika kwamba jamii ina makundi matano.

MLETA MADA: Nakubali, na hapo sharti langu la kwanza lilikuwa na pengo. Nalirekebisha hivi: mstari mtupu utangulie, visanduku vifuate, na majibu yote mawili yachapishwe, ili msomaji aone ni wapi watu hawakuenea kwenye visanduku hivyo. Kwa mchangiaji wa kwanza bado nina swali: mwajiri akikanusha kwamba anawabagua watu wa kundi fulani, na hakuna aliyewahi kuwahesabu, mlalamikaji apeleke ushahidi gani mahakamani?