Misa ya nje na upepo: mnafanyaje, mapadre?

Tumsifu Yesu Kristo. Nina miezi minne ya upadre. Jumapili nimeadhimisha Misa ya nje kwa mara yangu ya kwanza, meza ya mbao chini ya mti. Mishumaa ilizimika hata kabla ya somo la kwanza, hilo sikulijali. Ila baada ya kuumega Mwili wa Kristo, upepo uliinua pembe ya korporali (kile kitambaa kidogo cha chini ya Hostia na kalisi), nikaona chembe nyeupe ya Hostia imejibana kwenye mkunjo. Niliigusa kwa kidole, ikanata, nikaipokea. Tangu hapo silali vizuri: je, kama kulikuwa na nyingine?

Padre mwenye miaka 26 ya upadre
Milele amina, mdogo wangu. Tulia. Chembe uliyoiona umeiokota kwa heshima, na hicho ndicho Kanisa linachotudai. Ila siku nyingine nenda pale siku moja kabla, saa ileile ya Misa, ushike leso mkononi uone upepo unatoka wapi. Kisha weka meza ili upepo uje mgongoni kwako, mwili wako ukinge altare. Kalisi, kile kikombe cha divai, isikae wazi. Hostia za waamini ziwe kwenye siborio, chombo chake chenye mfuniko, usizirundike kwenye patena (kisahani cha Hostia) pana. Na usikimbize Misa kwa hofu, maana haraka ndiyo inayoangusha vitu.

Mwamini tu
Samahani kuuliza, Misa nje ya kanisa inaruhusiwa kweli?

Padre mwenye miaka 26 ya upadre
Inaruhusiwa pakiwa na haja. Soma kanuni ya 932 ya Sheria ya Kanisa ya 1983: meza ifaayo, lakini kitambaa na korporali havikosekani.

Mtunza sakristia
Shikamoo Padre. Mimi nashona vipande vidogo vya risasi, vile vya nyavu za kuvulia, ndani ya pindo la kitambaa cha altare. Hakipeperuki. Mishumaa naiweka ndani ya glasi. Lakini hiyo korporali umeipeleka wapi? Usiikung'ute! Ikunje kwa ndani, iloweke peke yake, na maji yale yamwagwe kwenye sakrario, lile beseni la sakristia linalopeleka maji moja kwa moja ardhini, siyo kwenye karo.

Mwuliza swali
Marahaba mama, asante sana. Ilikuwa bado mezani kwangu, imekunjwa vilevile. Nimeiloweka asubuhi hii, kabla ya sala ya Masifu.