Kifaa cha kifafa kinanikaba sauti na Jumamosi naimba, naomba ushauri

Msondo_Leicester: Wakuu, niko Uingereza. Nina kile kifaa cha kusisimua neva ya vagusi, ile inayotoka ubongoni ikapita shingoni, kipo chini ya mtulinga. Kila dakika tano kinapiga, na kwa sekunde 30 sauti inakwaruza. Jumamosi naimba taarabu harusini. Nikibandika sumaku juu yake, kitanyamaza? Picha ya kovu hiyo hapo.

KibwanaNeva: Kwa nyimbo chache inakubalika. Sumaku ikikaa juu ya betri, mashine haipigi. Ukiitoa, inarudi kwenye mzunguko wake. Ibane vizuri kwa plasta, maana ikiyumbayumba inaweza kusomeka kama umeipitisha kusudi kuita pigo, ukapata pigo la ziada, ambalo mara nyingi hupangwa sekunde 60. Sasa niambie, dawa unameza?

Shangazi Mwajuma: Mwanangu, kwani harusi haiendi bila wewe? Kuna kijana mtaani kwetu aliambiwa apumzike, akabisha...

Mpiga Kinanda: Usipite karibu na friji tu mkuu, utanasa.

KibwanaNeva: Msondo, nimeuliza dawa.

Msondo_Leicester: Za asubuhi niliacha, za jioni nameza. Na sumaku naiacha usiku kucha, maana kikohozi kilikuwa hakinipi usingizi. Mchana nikiwa na watu pia naibandika. Lakini sijaanguka, na si mashine ndiyo niliwekewa iwe kinga?

Bi Salma wa Kliniki: Kwa hiyo mashine umeizima na dawa umezikata nusu. Unatembea bila kinga yoyote! Kifaa hicho huwekwa juu ya dawa, si badala yake. Dawa zikipungua ghafla, degedege linaweza kuja lisikate, na hapo ni kuita gari la wagonjwa. Mpigie muuguzi wako wa kifafa leo, akupangie namna ya kuzirudisha. Usijirudishie mwenyewe dozi nzima kwa mkupuo.

Sauti ina dawa yake. Mwombe apunguze upana wa pigo, yaani muda wa kila mshtuko mmoja wa umeme, kwa mfano kutoka mikrosekunde 500 hadi 250, au masafa, yaani idadi ya mishtuko kwa sekunde, kutoka hezi 30 hadi 20. Isipotosha, ateremshe mkondo wa umeme kwa miliampia 0.25. Anakuwekea kisomeo, kile cha kuwasiliana na mashine, kifuani, anabadilisha, unaongea palepale mkisikiliza. Mtajie na usingizi: kama unakoroma na pumzi inakatika, kifaa kinaweza kuzidisha hali hiyo.

Chui_Mweupe: Hii chai. Kovu kwenye picha liko kulia. Kifaa huwekwa kushoto, kwa sababu vagusi ya kulia ndiyo inayogusa zaidi kituo cha mapigo ya moyo. Mleta uzi kaokota picha.

Msondo_Leicester: Niokote kovu? Hiyo ni kamera ya mbele.

Mpiga Kinanda: Kweli, hata maandishi ya fulana yamegeuka. Chui, soma fulana.

Chui_Mweupe: Sawa, nimeona. Ila anayeficha habari ya dawa lazima ashukiwe.

KibwanaNeva: Msondo, ukiitoa hiyo sumaku, subiri mzunguko upite. Usiposikia koo likikaza hata mara moja, waambie kliniki wapime ukinzani wa waya unaotoka kwenye mashine kwenda kwenye neva. Ukinzani ukiwa juu, huenda waya umekatika.

Msondo_Leicester: Nimeitoa. Limekaza, nimekohoa. Mbona kadi ya benki imekufa?

Bi Salma wa Kliniki: Ulikuwa unaweka sumaku mfuko mmoja na kadi? Ziachanishe angalau sentimita 25, na simu vilevile.