Mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili, ndege wa msitu na pwani: Sokoke na Mida, Amani, au Pemba?

BintiPangani
Salaam wakuu. Naishi Hamburg, na likizo ya Pasaka ijayo nakuja na mume wangu pamoja na baba mkwe. Mzee ana miaka 71, darubini haimtoki shingoni. Mbuga hataki, simba hataki. Anataka msitu na pwani, na mwongozaji anayemtambua ndege kwa sauti kabla hajamwona. Tuna siku tisa za safari yenyewe.

Nimebaki na njia tatu. Kukaa Watamu, pwani ya Kenya, asubuhi tuingie msitu wa Arabuko-Sokoke na jioni tuwe Mida Creek, hori lenye mikoko. Au kupanda Amani, Usambara Mashariki, kisha kuteremka Tanga. Au Pemba, msitu wa Ngezi. Moyo wangu uko Tanga maana ndiko kwetu, lakini sitaki mapenzi ya nyumbani yawaharibie wenzangu safari. Nyinyi mngekwenda wapi?

Mgede
Karibu dada. Nasema mapema kwamba mimi ni wa Gede na kutembeza wageni ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nisikilize ukijua navutia kwangu.

Sokoke ni kama kilomita za mraba 420, na ndani yake kuna misitu mitatu. Upande wa huku Gede ni msitu mchanganyiko wenye mibambakofi. Katikati ni msitu wa miti ya mrihi, mchanga mweupe na miti imeachana. Hapo ukisimama kimya, kundi la ndege wa kila aina linapita juu kwa dakika chache, halafu kimya tena. Kwa ndani zaidi, kwenye udongo mwekundu, ni msitu wa miti ya mfunda uliosongamana hata mtu kupenya ni shida. Huko ndiko anakoishi bundi mdogo wa Sokoke.

Bundi huyo hazidi sentimita 18. Mchana anasinzia chini chini ndani ya kichaka. Mwongozaji anawaacha wageni barabarani, anaingia peke yake amejikunja, anachungulia kichaka baada ya kichaka. Akimpata anarudi kuwaita mmoja mmoja, bila kuzungumza. Hapo sasa unaoneshwa kwa kidole na bado humwoni: wa kijivu amekuwa gome, wa rangi ya kutu amekuwa jani kavu. Nimeona watu wazima wakigombana kwa kunong'ona, "yuko wapi?", naye anawatazama kwa jicho nusu.

Jembe_la_Kale
Kulipa pesa uoneshwe bundi! Bibi yangu angewafukuza wote na mwongozaji wao.

Mgede
😂 Wazee wa kwetu walikuwa hivyo hivyo. Sasa bundi huyo huyo anasomesha watoto wetu.

MziguaMuheza
Dada Pangani, mimi ni wa Muheza, na ningependa nikuambie njoo nyumbani. Amani ni Amani. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902, na bustani yao ya miti ipo hadi leo. Hifadhi yenyewe ilitangazwa 1997. Asubuhi hondohondo wanapita na kelele zao, mabawa unayasikia kabla ya mdomo. Shorobo wa Fischer, ndege wa kijani mwenye kishungi, wapo. Yupo pia yule ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu anayejificha kwenye mitambaazi ukingoni mwa msitu. Duniani anajulikana hapa Usambara Mashariki na kaskazini mwa Msumbiji basi. Watu wanatoka Ulaya kwa ajili yake peke yake.

Lakini Aprili? Hapana. Masika ya kule si ya kuchezea, mlima unapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Aprili na Mei ndizo zinazobeba mzigo. Barabara kutoka Muheza kupita Sigi kwenda juu ikishalowa, hata gari la magurudumu manne linaomba dua. Ukungu ukishuka, darubini ya mzee ni pambo tu. Aje Septemba au Oktoba, au Januari na Februari, nitamuonesha mwenyewe.

Kipupwe
Mkuu Mzigua umesema kweli, na si kila mtu wa Tanga angeisema. Ila tuongeze kwamba sehemu ya ndege wa Amani yuko Sokoke pia. Chozi wa Amani, yule mdogo mnywa nekta, amepewa jina la kwenu lakini kumwona kwenye mrihi wa Sokoke ni rahisi zaidi, kwa sababu miti si mirefu kama ya mlimani. Na bundi wa Sokoke yupo pia kwenye misitu ya chini ya Usambara. Kwa hiyo akienda Watamu hajapoteza kila kitu.

Mpemba_Konde
Na sisi je, hatumo? Pemba ina ndege wake wanne ambao hawapo pengine popote: ninga wa Pemba (njiwa wa kijani), bundi wa Pemba, chozi wa Pemba, na yule mdogo mwenye duara jeupe machoni. Ngezi si kubwa, kwa siku mbili mtulivu anaweza kuwaona wote. Bundi husubiri jua lizame, anaita mwenyewe, hamumtafuti kichakani kama wezi. Popo wakubwa wa Pemba ni zawadi ya ziada, na pwani ya Vumawimbi iko hapo hapo.

Tatizo letu ni kufika. Kuanzia Aprili kusi likianza bahari inabadilika, na kwa mtu wa miaka 71 boti ya Unguja hadi Mkoani siku ya mawimbi siipendekezi. Apande ndege. Na wageni sasa wanalipia bima ya lazima ya Zanzibar, tangu Oktoba 2024, msije mkashangaa.

Kitwitwi
Naona mnabishana msitu tu, na mwenye swali kasema pwani. Huku kuna jambo ambalo kampuni nyingi hazimwambii mteja: Mida haiendwi kwa saa ya mkono, inaendwa kwa maji. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, pwani hii maji huwa yametoka kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Maji yakiwa nje, ndege wako mbali, nukta kwenye matope. Unatakiwa uwe umeketi kwenye kibanda, mwisho wa lile daraja la mbao linalopita juu ya mikoko, tangu saa saba au nane mchana. Maji yanapopanda yanawasukuma kwako hatua kwa hatua. Siku za maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana, mpangilio huo haupo. Pigeni hesabu ya mwezi kabla ya kununua tiketi ya ndege.

Papara
Swali la uchokozi: mtu anatoka Hamburg, ana tambarare za matope za Wadden, pwani ya Bahari ya Kaskazini, mlangoni, unamleta Kenya kuangalia vitwitwi (ndege wa matopeni) wale wale?

Kitwitwi
Swali zuri, si uchokozi. Wengi ni wale wale kweli, ila mwanzoni mwa Aprili wanakuwa wanabadili nguo. Kitwitwi mwenye mdomo uliopinda anaanza kuwa mwekundu wa tofali kabla hajaondoka kwenda Siberia. Na kuna mmoja ambaye Wadden hamna: mla-kaa, mweupe na mweusi, mdomo mnene kama koleo. Mida ni mahali pa uhakika.

Sululu_Muscat
Huyo mla-kaa tunagawana. Huku Oman wakati wa baridi wamejaa pwani ya Bar al Hikman. Kuzaa wanazaa kwenye visiwa na fukwe za Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, wanachimba mashimo mchangani na kutaga yai moja. Kuanzia Aprili wanakusanyika kwa hilo, kwa hiyo ukichelewa hadi mwisho wa Aprili utakuta Mida wamepungua. Mwisho wa Machi uko salama.

Mchungwa
Mimi niseme la pesa na waongozaji. Niliwahi kununua kifurushi cha "ndege wa pwani" kwa kampuni moja (siitaji), na mwongozaji akawa dereva mzuri aliyejua tembo. Kila ndege mdogo alikuwa "kipwe". Msitu huu unahitaji mtu wa msitu huu. Waongozaji wa Arabuko-Sokoke wana chama chao, wanapatikana pale lango la Gede, na wanajua bundi alilala wapi jana. Lipia kampuni usafiri na malazi ukitaka, lakini andika kwenye makubaliano kwamba mwongozaji ni wa hapo, kwa siku ngapi, na kwamba siku ya bundi mnaingia upande wa udongo mwekundu kwa gari linaloweza. Mvua ikipiga usiku njia ile huteleza sana, muwe na siku ya akiba.

BintiPangani
Nimesoma yote, asanteni. Naelekea Watamu. Mume wangu anauliza mambo mawili: kuna uwezekano wa kumpata yule kwera wa Kilifi (ndege mfuma viota), ambaye mzee amemzungushia duara kitabuni? Na kutembea ni kugumu kiasi gani, maana goti la mzee la kulia halina amani.

Mgede
Goti kwanza: Sokoke ni tambarare, njia za mchanga, mwendo wa polepole. Taabu ni joto tu. Mnaanza saa kumi na mbili, saa nne mko kivulini. Mida nako asikubali kuvushwa kwa miguu kwenye matope, abaki darajani.

Kwera sitakuahidi. Yuko kaunti ya Kilifi tu duniani kote, na viota vyake vilipatikana Dakatcha, eneo la misitu bara ya Malindi, mwaka 2013. Mvua zikianza anaweza kuwa amekwenda huko kuzaa, na Sokoke msimwone. Kama kumpata ni lazima, tengeni siku moja ya Dakatcha, muulize kwanza kama mabwawa yana maji. Siku nyingine wekeni mdomo wa mto Sabaki, juu ya Malindi: heroe, buabua, na Aprili ikiingia unaanza kuona ndege wageni wa kutoka Madagaska.

Kitwitwi
Na Wajerumani wako waombe idhini ya kuingia Kenya mtandaoni kabla ya kuondoka, wasisubiri uwanja wa ndege. Ukishajua tarehe niandikie hapa, nitakutazamia bamvua.