Naomba ushauri: mlinzi wa shamba anaruhusiwa kumkamata nani?

Ndugu zangu, salamu. Nina shamba la minazi Msabaha, Malindi. Usiku watu huingia: wengine kuangua madafu, wengine wanakatiza tu kwenda kwao. Nimeweka kibao, nimezungumza na mzee wa kijiji, wapi! Sasa mlinzi anataka kuwafunga kamba mpaka asubuhi, nami naogopa kesi isije ikanigeukia.

Nimesoma Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 75. Kifungu cha 34 kinamruhusu mwenye mali au mtumishi wake kumkamata anayemkuta akiiharibu. Cha 35 kinataka akabidhiwe polisi bila kukawia.

Je, aliyekatiza tu bila kugusa nazi naye anakamatika? Na kumshikilia hadi alfajiri ndiko kukawia kwenyewe?