Nimeombea fedha ya shule, akaja mtu wa kangomba. Ni jibu la Mungu?

MamaWaNewala:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mjane, mkulima wa korosho huku Newala. Binti yangu amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni mkoa mwingine, na anatakiwa kuripoti mwezi huu. Ada ilifutwa tangu 2022, namshukuru Mungu, lakini kuna godoro, sare, madaftari, michango na nauli juu yake. Mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua, na minada ya korosho huku kwetu haianzi mpaka Oktoba.

Nilifunga, nikamwomba Mungu anioneshe njia. Jioni ile ile niliyofungua, mtu akapiga hodi. Ni wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa bei ya chini kabla hazijavunwa. Anatoa laki nne taslimu, msimu ukifika nimpe gunia nne za korosho. Sikumwita wala sikuwa nimemweleza mtu shida yangu. Nikawaza huyu katumwa. Lakini tangu aondoke sina amani, na naogopa isije ikawa ni imani haba. Ijumaa anarudi kuchukua jibu. Nitajuaje?

Upendo_Lindi:
Pokea, dada yangu. Eliya alilishwa na kunguru, ndege najisi kabisa! Mungu hachagui chombo. Mtoto asome kwanza.

Mkulima_Tandahimba:
Dada Upendo, kunguru wale hawakurudi Novemba kumdai Eliya.

Mama, tupige hesabu. Gunia nne za kilo 80 ni kilo 320. Hata mnada ukishuka mpaka 2,000 kwa kilo, hiyo ni 640,000 kabla ya makato. Na wengi wa hao wa kangomba hawapimi kwa mizani, wanapima kwa bakuli lao. Ugonjwa wa ubwiriunga ukipiga maua ukakosa hizo gunia, deni linahamia msimu unaofuata. Halafu kangomba imekatazwa. Mwaka 2018 serikali iliponunua korosho kwa 3,300, watu walihakikiwa shamba kwa shamba, na mwenye korosho ambazo hakuweza kuonesha shamba zilikotoka alipata tabu kweli.

Mzee_wa_Masasi:
Mama, pole kwa mzigo, na hongera kwa binti.

Soma 1 Samweli 24. Daudi amejificha pangoni, Sauli anayemwinda anaingia humo humo, peke yake. Watu wa Daudi wakamwambia hii ndiyo siku aliyokuahidi Bwana. Na ukitazama kwa macho ilikuwa hivyo: mahali, wakati, adui mkononi. Daudi akakataa, kwa sababu alichotakiwa kufanya kilikuwa kiovu mbele za Mungu. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na bado haukuwa njia yake.

Kwa hiyo usipime kwa saa aliyopiga hodi. Uliza kinachodaiwa kwako. Huyu anataka uingie kwenye jambo lililokatazwa, na anaitumia dhiki ya mjane kupata mali kwa bei ya kutupa. Torati na manabii wamelisema hilo waziwazi, halihitaji maono. Kukosa amani kwako sikuiti imani haba. Ila na amani nayo usiitegemee peke yake. Wako watu waliotulia kabisa wakatenda maovu.

MamaWaNewala:
Asante, baba. Nimesoma sura yote. Lakini nikikataa, mtoto akabaki nyumbani, si nitakuwa nimeomba kisha nikakataa nilichopewa?

Mzee_wa_Masasi:
Hapana, mama. Daudi alitoka pangoni bado anawindwa, hakupewa kiti cha enzi jioni ile. Siwezi kukuahidi fedha itapatikana kesho. Ninachokijua ni kwamba Mungu huongoza pia kwa watu anaokuwekea karibu, na wewe umesema hukumweleza mtu yeyote. Mchungaji wako anajua? Umoja wa akina mama wa kanisani? Kuwaeleza nako ni kumtegemea Mungu.

Mwalimu_Nachingwea:
Mama, mimi nafundisha sekondari. Mambo matatu kabla ya Ijumaa. Nenda kwa mtendaji wa kijiji akuandikie barua ya hali yako, kisha piga namba ya mkuu wa shule iliyo kwenye fomu, umweleze kwamba michango utalipa baada ya mnada. Wengi wanakubali, cha muhimu mtoto aripoti. Pili, pita kwenye chama chako cha msingi cha ushirika uulize kama wana utaratibu wa mkopo. Tatu, fomu igawe: kipi lazima siku ya kwanza, kipi kinaweza kusubiri likizo. Ukiiweka michango kando, fedha unayohitaji sasa inapungua sana.

Upendo_Lindi:
Nimesoma, nimeelewa. Dada, sare za kushona nitumie vipimo, mimi ni fundi. Kitambaa utanunua wewe, ushonaji ni sadaka yangu.

MamaWaNewala:
Mbarikiwe sana. Nimempigia mama mchungaji sasa hivi, amesema kesho baada ya ibada ya asubuhi twende wote kwa mtendaji. Yule wa gunia nitamjibu hapana. Dada Upendo, vipimo nakutumia leo usiku.

Mkulima_Tandahimba:
Ijumaa akija usiwe peke yako, mama. Mwite jirani akae nawe. Na usisaini karatasi yoyote.